Mwalimu Aliyerudi Kusahihisha

Ukimpigia simu hakusema "halo." Alisema, "Naam, nakusikiliza," kisha akanyamaza akusikilize kweli, mpaka ukaingiwa na wasiwasi kwamba simu imekatika. Wenzangu wengi walidhani imekatika na wakakata wao. Mimi nilizoea. Nilijua kwamba upande wa pili yupo mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi mwekundu, amesimama wima katikati ya jiko lake, na hatafanya kitu kingine chochote mpaka nimalize kusema.

Tulimwita Mwalimu, basi. Watoto walimwita Mwalimu wa Jumamosi, wasimchanganye na walimu wao wa shule. Alikuwa Mmarekani mweusi, mtu wa Washington hapahapa, na katika ujana wake aliwahi kufundisha fizikia kwenye sekondari moja huko Singida. Zaidi ya hapo sikujua habari za kwao na sikumchimba. Kiswahili alikitoa Singida, akakitunza vilevile alivyokikuta. Alisema "bibie" na "la hasha" na "ama kweli," maneno ambayo sisi wenyewe tuliyaacha tukiwa shule ya msingi. Baba mmoja Mkenya alimsikiliza siku ya kwanza, akaninong'oneza, "Huyu mbuyu, huyu mzee, anaongea kama taarifa ya habari." Ilikuwa kweli.

Darasa lenyewe tulilianzisha sisi wazazi. Tulipewa ukumbi wa chini wa kanisa moja hapa Adelphi, mwendo mfupi kutoka kwenye maghorofa tunayoishi karibu na University Boulevard, na wakaja watoto wa kila aina: wa Tanga kama binti yangu, wa Kisumu, wa Lubumbashi, Waislamu kwa Wakristo. Shida yetu ilikuwa moja. Watoto walitusikia, walituelewa, na walitujibu kwa Kiingereza. Tulitaka mtu wa kuwarudishia ulimi. Mtu aliyejitokeza, wa kwanza na wa mwisho, alikuwa yeye.

Tulidhani atafundisha salamu na majina ya wanyama. Alifundisha jinsi sayari zilivyoumbwa. Mzazi mmoja, fundi magari kutoka Kongo aliyekuwa akiendesha kila wiki kutoka Woodbridge kuwaleta mapacha wake, alimfuata mlangoni.

"Bon, Mwalimu. Miye nilileta batoto bajifunze kusalimia nkambo yabo ku telefone."

"Watamsalimia bibi yao," Mwalimu akamjibu. "Wakishamsalimia watataka jambo la kumweleza. Mimi nawatafutia jambo."

Yule baba alicheka, akamwacha. Mwalimu alikuwa na imani hiyo moja kuhusu lugha: kwamba mtoto haisemi kwa sababu ni ya mama yake, anaisema kwa sababu ndani yake kuna kitu anachokitaka. Na yeye, kitu alichokuwa nacho kilikuwa mawe.

Kazi yake ilikuwa kuyabana. Katika maabara moja jijini alikuwa na mashine za kukandamiza, na nyingine ndogo kabisa iliyokaa kiganjani, yenye almasi mbili zilizochongwa zikatazamana ncha kwa ncha. Kati ya ncha hizo aliweka chembe ya mwamba na ya chuma, ndogo hata huioni kwa macho, akaibana, kisha akaipiga mwali wa leza mpaka ikayeyuka. Siku moja alituchukua sote tukaone. Watoto walipanga mstari kuchungulia kwenye hadubini, na Salma, binti yangu, alikataa kuondoka zamu yake ilipokwisha.

"Kuna nini hapo?" nikamuuliza.

"Chini ya dunia," akanijibu kwa Kiswahili, bila kuambiwa. "Mwalimu amesema hapo katikati ni chini kabisa ya dunia."

Mtu huyohuyo aliyeyeyusha mawe aliogopa jiko la gesi. Sikutanii. Alipokuja kwangu alikaa upande wa pili wa meza, mbali na moto, na nikiwasha alifumba macho mpaka asikie umeshika. Kwake alichemshia mayai ndani ya birika la umeme. Nilipomuuliza sababu alisema leza yake ina swichi tatu na milango miwili ya usalama, na jiko langu lina kiberiti tu. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alifika ukumbini mapema kuliko sote, lakini hakuingia. Alikaa ndani ya gari, injini imezimwa, baridi ya Januari imetia vioo ukungu, akingoja saa nne ifike kwa sababu tulisema saa nne. Nikimgongea kioo nimwambie aingie apate joto, alinionyesha saa yake kupitia kioo.

Hakuwa mpole kila mara. Mtoto aliyesema Zebaki akimaanisha sayari alisimamishwa. "Zebaki ni ile ya kipimajoto. Sayari ni Utaridi. Sema Utaridi." Walisema Utaridi mpaka ikawa utani wao mitaani. Hakusifia. Mtoto akipata jibu, alimpa swali gumu zaidi, na hiyo ndiyo ilikuwa zawadi. Wengine walilia. Salma alichangamka kama moto.

Somo ambalo watu bado wanalikumbuka ni la kaboni. Salma alikuwa na miaka tisa. Wiki moja kabla, Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba mwili wa mtu umejengwa kwa kaboni, na chakula chote ni kaboni, na mti, na paka. Jumamosi hiyo alikuja na chupa ya kioo yenye maji na mafuta ya kula nusu kwa nusu, akaniomba binzari kutoka kwenye vyombo vyangu, kwa maana siku hiyo nilikuwa nimeleta wali. Akatia binzari humo, akafunga, akawapa watoto waitikise kwa zamu. Kisha akaiweka mezani. Maji yalijitenga na mafuta polepole, na ule umanjano wote ukafuata mafuta.

"Dunia ilipokuwa changa," akasema, "ilikuwa imeyeyuka. Bahari ya mawe ya moto. Ndani yake kulikuwa na chuma, na chuma ni kizito, kikazama mpaka katikati. Na kaboni inapenda chuma, kama binzari inavyopenda mafuta. Hapa mafuta yanaelea, basi geuzeni vichwa."

Watoto wakainama wakatazama chupa kupitia katikati ya miguu yao. Yeye pia akainama, urefu wake wote ule.

"Chuma kimezama. Kimechukua kaboni. Mwamba uliobaki juu umebaki na nini?"

"Nothing!" wakapiga kelele.

"Kwa Kiswahili."

"Hakuna kitu!"

Wote walifurahi isipokuwa Salma, aliyekuwa bado ameinama. Sauti yake ilitoka huko chini. "Sasa sisi tulitengenezwa na nini?"

Mwalimu alinyooka. Alimtazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza na ya pekee niliyoiona mimi, alimsifia mtoto. Alisema, "Ama kweli, hilo ndilo swali." Akasema hilo ndilo swali alilolifanyia kazi maisha yake yote, na watu wazima huchukua miaka kulifikia.

Akawapa jibu lake. Kulikuwa na sayari nyingine, ndogo, mwenzake Dunia. Chuma cha sayari ile kilikuwa kimejaa salfa, na chuma chenye salfa nyingi huikataa kaboni, kwa hiyo kaboni ya kule haikuzama, ilibaki kwenye mwamba. Siku moja sayari ile ikaja ikaigonga Dunia, zikachanganyika. Kaboni yote iliyo juu hapa, ya paka na ya mti na ya Salma, ililetwa na yule mgeni.

Hadithi hiyo binti yangu aliibeba. Yeye alizaliwa hapahapa Maryland, lakini shuleni walimuuliza kila siku ametoka wapi, na sasa alikuwa na jibu. Aliwaambia hata wao kaboni yao ni mhamiaji. Alimwambia dereva wa basi la shule. Alimweleza bibi yake Tanga kwenye simu, Kiswahili kitupu, mpaka mama yangu akaniuliza kama mtoto ana homa.

Homa, kwa kweli, alikuwa nayo mara nyingi. Salma alikuwa na selimundu. Wenye watoto wa namna hiyo wanajua maana yake, wasio nao sitawaeleza yote. Kuna miezi anakimbia kama wenzake, na kuna asubuhi anaamka analia kwamba mifupa inavunjika, na unambeba mpaka garini. Mwalimu alipojua, akaanza kuja hospitali. Aliogopa hospitali kuliko jiko langu. Hakukaa kwenye kiti hata siku moja. Alisimama mlangoni na koti lake amelivaa, na akiwa pale mlangoni alimweleza Salma habari za sayari. Kwamba Utaridi ni nyeusi kwa sababu juu yake kuna grafiti. Kwamba Zuhura kaboni yake iko angani, na ndiyo maana kunachoma. Salma alikuwa na dawa ya maumivu mkononi, midomo imekauka, na alimuuliza maswali. Wauguzi walikuwa wakipita katikati yao. Hakuna hata mmoja aliyemwambia ahame.

Nikimshukuru, alikasirika. "Sijaja kwa ajili yako, Mama Salma. Nimekuja kufundisha."

Sasa niseme na upande wake mwingine, kwa sababu nikiuacha nitakuwa nimemchora nusu.

Mtu huyu aliyewafundisha watoto kuuliza, yeye mwenyewe hakutaka kuulizwa. Katika maabara yake kulikuwa na mtafiti mwanamke, kijana, mtulivu, aliyemfundisha mwenyewe tangu mwanzo. Alimpenda kama mtoto wake, na kwa kuwa hakuwa na mtoto, labda zaidi. Sikukuu moja ya Idi niliwaalika wote wawili kwangu. Tukala pilau vizuri. Kisha yule binti akasema, kwa upole, kwamba ameijaribu kaboni kwenye joto kubwa zaidi na mbano mkubwa zaidi, kama ule wa ndani sana ya dunia changa, na huko kaboni haikipendi chuma kiasi walichodhani. Sehemu yake inabaki kwenye mwamba. Huenda hakukuhitajika mgeni.

Mwalimu alitafuna akameza. "Mashine yako ina kasoro," akasema.

"Ni mashine yako," yule binti akajibu. "Ulinifundishia hiyo."

Mwalimu akaweka kijiko chini. Akageuka kwangu, akanishukuru kwa chakula kwa maneno marefu ya heshima, akavaa koti, akaondoka. Yule binti alibaki anatazama sahani. Tangu siku hiyo Mwalimu hakuzungumza naye. Walifanya kazi jengo moja, wakapishana kwenye ngazi, miaka ikapita, na hakumpa hata salamu. Mtu aliyetufundisha sote kusalimia.

Salma, wakati huo kigori, aliyasikia yote yale mezani. Jumamosi iliyofuata alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na kama yeye ndiye yuko sahihi?"

Mwalimu alipangusa miwani yake. "Leo," akasema, "tutafanya ngeli."

Wakafanya ngeli mpaka saa sita, ki na vi, u na i, mtoto baada ya mtoto, na hakumtazama Salma hata mara moja. Kwenye gari alisema kwa Kiingereza kwamba hatarudi tena. Nilimwambia atarudi. Alirudi, na Mwalimu akaendelea naye kama kawaida, lakini kaboni hakuigusa tena mbele ya watoto.

Nilijaribu kuzungumza naye. Nilimwambia, "Mwalimu, mtoto alikuuliza tu." Akanijibu, "Naam, nimekusikia," akakaa kimya kwenye simu mpaka nikaaga mimi. Nadhani aliumia. Nadhani alikuwa ameijenga nyumba moja maisha yake yote, akaona mtu aliyemlea mwenyewe anachomoa tofali la chini. Lakini hayo ni mawazo yangu. Yeye hakunieleza.

Halafu ikaja korona, ukumbi ukafungwa, na ulipofunguliwa watoto walikuwa wamekua, wana kazi za Jumamosi na marafiki wa Jumamosi. Darasa halikufungwa rasmi, lilikoma tu. Mwalimu alistaafu. Dada yake, aliyekuwa Manassas, alianza kusahau mambo, akaenda kuishi naye amtunze. Tulipigiana mwanzoni. Kisha namba yake ikawa haipokewi, kisha ikawa ya mtu mwingine, Mhispania mmoja mpole aliyenambia hapana, senyora, hapana. Kwenye kundi letu la WhatsApp hakuwahi kuwemo, alisema hawezi kusikiliza watu mia kwa pamoja.

Salma aliingia chuo kikuu akachagua kusoma miamba. Sikumshauri. Mimi ninatunza wazee, ningependa angesomea uuguzi tukaelewana. Alisema, "Nitamtafuta Mwalimu nikimaliza muhula nimwambie. I want to see his face." Huo muhula hakuumaliza. Ilikuwa majira ya baridi, kifua kilimbana, na hospitali ambako siku zote tulikwenda naye na kurudi naye, safari hii hatukurudi naye. Tulimzika kwenye makaburi ya Waislamu kule kusini, ukipita Woodbridge, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Nitasema hivyo tu kuhusu siku hiyo.

Ilikuwa Aprili, mchana, nimetoka zamu, bado nimevaa sare ya kazi, mlango ukagongwa. Nikafungua. Alikuwa amepungua. Koti lilikuwa lilelile na sasa lilikuwa la mtu mkubwa kuliko yeye. Nyuma ya miwani, jicho moja lilikuwa na utando.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Salma. Samahani nimekuja bila taarifa. Namba zenu sikuwa nazo, nyumba tu niliikumbuka."

Alikuwa ameacha kuendesha gari kwa ajili ya macho. Alikuja kwa treni kutoka Manassas asubuhi, akashuka jijini, akapanda nyingine, kisha basi, kisha akatembea. Nilimpa maji akayanywa akiwa amesimama. Na kabla sijamuuliza chochote akaanza kunieleza, haraka, kama mtu aliyejizoeza njiani.

Alisema baada ya kustaafu aliomba ruhusa arudi maabara, wampe mashine kwa muda. Alitaka kuonyesha kwamba yule binti alikosea. Alirudia jaribio lote la yule binti, kwa mikono yake, kwa joto lilelile na mbano uleule. Lilitoka kama lilivyomtokea binti. Akalirudia, akibadilisha kila alichodhani ni kasoro. Likatoka vilevile. Akapanda ngazi mpaka mlangoni kwa yule binti, akasimama, akamwambia, nilikosea. Binti alilia.

"Wewe je?" nikamuuliza.

"Mimi nilimwomba kiti."

Akaendelea. Alisema aliporudi nyumbani akawakumbuka watoto. Wanasayansi wenzake watasoma wenyewe, lakini watoto wale aliwaambia jambo kwa uhakika, wakaliamini kwa sababu ni yeye, na hakuna atakayewaambia vinginevyo. Basi alikuwa akiwatafuta. Aliwapata mapacha wa fundi wa Woodbridge, mmoja anafanya kazi ghalani. Huyo hakukumbuka somo lolote la kaboni, alikumbuka Utaridi tu, lakini alimsikiliza mpaka mwisho wakiwa wamesimama kwenye maegesho, kisha akamrudisha kituoni kwa gari lake. Mwingine alimpata kwa simu huko Texas, akacheka.

"Salma nimemwacha wa mwisho," akasema. "Yeye ndiye aliyeuliza. Na aliponiuliza mara ya pili, nilimpa ngeli."

"Mwalimu," nikasema, "Salma hayupo."

Akatazama saa yake. "Anarudi saa ngapi? Naweza kungoja."

Kuna lugha ambazo zisingeniponza namna hiyo. Ilinibidi niseme tena, kwa neno lenyewe. Nikasema, "Amefariki, Mwalimu. Wakati wa baridi."

Glasi ilikuwa mkononi mwake, nikaichukua. Nikavuta kiti cha jikoni, kile kilicho karibu na jiko, akakaa. Alikaa vibaya, upande, kama mtu asiyejua kiti kinavyotumika. Akauliza Salma alikuwa amefikia wapi na masomo. Nikamwambia alikuwa chuoni.

"Akisoma nini?"

"Miamba."

"Nani alimwambia asome miamba?"

Alijua. Aliinamisha kichwa, na nikaona utosi wake, nywele chache nyeupe, nikaona jinsi alivyokuwa mzee.

"Basi huenda alishafundishwa," akasema. "Huenda alishajua kwamba nilimdanganya."

"Hukumdanganya. Uliamini."

"Yeye hakuniuliza ninaamini nini, Mama Salma. Aliuliza ametengenezwa na nini."

Nikamwambia, kama anataka, anieleze mimi. Nilisema nitasikiliza. Alitikisa kichwa. Alisema somo hilo si langu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kikubwa, amezikwa wapi.

Nilimpeleka jioni ileile, jua bado liko juu, maana huko ni njia ya kumrudisha kwao, ingawa si njia fupi. Barabara ya tisini na tano ilikuwa imejaa kama kawaida yake. Karibu na Woodbridge aliniuliza kama Salma alilia siku ya mwisho. Nikamwambia hapana, alikuwa amelala. Akasema, "Ahsante," na kwa mara ya kwanza neno la shukrani lilipita kati yetu bila yeye kukasirika.

Makaburi ya kule ni uwanja wa nyasi, vibao vidogo, miti michanga ambayo bado imefungwa kwenye nguzo ili isilale. Udongo wa Salma ulikuwa haujashuka sawasawa. Niliomba dua yangu. Yeye alingoja mbali kidogo, amevua kofia, mpaka nikamaliza. Kisha akasogea, akasimama miguuni pake, akasema kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari:

"Salma. Ni Mwalimu. Nimekuja kusahihisha somo."

Akamfundisha. Alimweleza yote, polepole, hakuruka hatua. Alimweleza joto lilikuwa kiasi gani kule chini, na mbano, na kwamba walichokipima zamani kilikuwa karibu na juu, ambako joto ni dogo, ndiyo maana kaboni ilionekana kukifuata chuma karibu yote. Kwamba ukienda ndani zaidi, upendo ule unapungua. Kwamba yule mtafiti ndiye aliyeliona kwanza, na jina lake akalitaja kikamilifu, ili Salma ajue ni nani wa kushukuriwa. Alisema, "Uliniuliza kama yeye ndiye sahihi. Jibu ni ndiyo. Ningekujibu siku ileile, ningekuwa mtu bora."

Alipomaliza hakuondoka. Alibaki ameinamisha shingo kidogo kuelekea kwenye udongo, kimya, na ilinichukua muda kuelewa anafanya nini. Alikuwa anangoja. Alikuwa anampa mtoto nafasi ya kuuliza.

Magari yalisikika kutoka barabarani. Sikuweza kustahimili. Nikauliza mimi.

"Kwa hiyo hakuna aliyetuletea?"

Aligeuka akanitazama, kisha akajibu, lakini alijibu kuelekea chini, kwa Salma. "Kaboni nyingine huenda ilikuja baadaye, sikatai. Lakini nyingine ilikuwamo tangu mwanzo. Chuma kilizama na karibu yote. Hiyo ikabaki kwenye mwamba. Kidogo mno."

"Inatosha?"

Alifikiri. Hakuwahi kujibu swali kabla hajalifikiria, hata hapo.

"Ilitosha kwa kila kilichowahi kuishi," akasema. "Ilitosha kumfanya yeye."

Nilianza kulia, nikalia kama nilivyokuwa sijalia tangu siku ile ya baridi, kwa sauti, sare yangu ya kazi imelowa kifuani. Mwalimu hakuniambia ninyamaze. Alikaa chini kwenye nyasi zenye unyevu, koti na yote, kwa shida, akishika goti. Nami nikakaa. Tulikaa hapo mpaka mlinzi wa makaburi akaja kutuambia, kwa adabu, kwamba anafunga geti.